Mbuzi wa Kihonda na Kanuni ya Tisa

Aliyekabidhiwa funguo za stoo ya michezo baada yangu atazikuta karatasi hizi kwenye droo ya chini, ile isiyofunga mpaka uisukume kwa goti. Nimeziandika nyumbani Bigwa, kibarazani, nimevaa msuli, na nasema hivyo mapema ili msomaji asitegemee makubwa. Kidato cha nne nilimaliza. Elimu iliyobaki nimeipata kwa kujaza fomu za watu wengine. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa navyo havikunitaja. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, na nitaeleza habari za mbuzi mmoja, kwa sababu najua mmezisikia kantini na mmezisikia vibaya.

Nilipokuja chuoni niliomba kazi ya maktaba. Nilitaka mahali pa kukaa. Wakaniambia nafasi za kukaa zimejaa, iliyopo ni karani wa ofisi ya michezo. Kwenye usaili nikaulizwa napenda mchezo gani. Nikajibu bao. Wakaniuliza mchezo wa kutoa jasho. Nikasema bao nikifungwa huwa natoka jasho. Sijui kwa nini walinichukua. Nadhani mwombaji mwingine hakutokea.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bi Sikudhani, karani niliyekuja kumrithi. Alikuwa mama mfupi wa Matombo, khanga begani wakati wote, na alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Hakuniambia karibu. Alinipa pampu na mpira uliokwisha upepo.

"Jaza," akasema.

Nikachukua sindano ya pampu nikaichomeka. Haikuingia.

"Ilambe kwanza."

"Niilambe, mama?"

"Kwani mate umeyawekea shughuli gani nyingine?"

Nikailamba. Mpira ukajaa. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba ile sindano ilikuwa imelambwa na kila karani aliyenitangulia, na kwamba huko ndiko kukabidhiwa ofisi. Nanyi msiione haya. Sindano kavu inatoboa mpira kwa ndani, na mpira wa kikapu wa ngozi haupatikani kirahisi hapa Morogoro.

Mambo mengine aliyonifundisha Bi Sikudhani yalihusu fomu za usajili wa wachezaji, na hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Picha ya pasipoti ibandikwe kwa gundi, usiibane kwa pini, maana pini hutoka njiani na mlinda mlango huishia kuwa na sura ya mcheza vishale. Mhuri ukamate picha nusu na karatasi nusu. Usiache kisanduku kitupu, kwani kisanduku kitupu mtu mwingine atakijaza. Na la mwisho alilisema siku anaondoka, akiwa amesimama mlangoni na kapu lake.

"Jibu ulichoulizwa, mwanangu. Usisimulie."

Hayo ya mwanzo niliyashika miaka yote. La mwisho nililishika mpaka siku ya Mwanaidi.

Lazima niseme pia kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Timu zetu zimekwenda Mwanza, Arusha, Tanga. Mimi nilizisindikiza mpaka Msamvu, nikawahesabu vijana wakiingia kwenye basi, nikamkabidhi kocha bahasha ya fomu, nikarudi Bigwa kula ugali ungali wa moto. Watu waliniuliza huko mikoani kukoje. Nilikuwa najibu, "Kuko mbali." Wanafunzi wakaniita Baba Fomu, na sikulikataa hilo jina. Yapo mabaya zaidi.

Sasa hiyo Kanuni ya Tisa. Mashindano ya vyuo yana kamati yake, na kamati ina kanuni zake, na ya tisa inasema mchezaji awe wa ridhaa: asiwe amewahi kupokea malipo, zawadi au kitu chochote chenye thamani kwa sababu ya kucheza. Msije mkadhani naidharau. Bi Sikudhani alinieleza ilikotoka. Zamani chuo chenye uwezo kilikuwa kinaokota wachezaji wa klabu, kinawapa vitambulisho vya wanafunzi wiki moja kabla ya mashindano, na vijana wetu waliotoka kwenye mtihani wa asubuhi wanakutana jioni na majitu yanayolipwa kucheza. Tunawaita mamluki. Kwa hiyo wakatunga kanuni ya kuwazuia mamluki. Ukiisoma umekaa, ni kanuni nzuri.

Tatizo ni kwamba inafanya kazi kwa kumuuliza mamluki kama yeye ni mamluki.

Mwanaidi alikuja ofisini mwaka wake wa kwanza kuuliza ofisi ya mikopo iko wapi. Taa yangu ilikuwa imeungua tangu Jumatatu na fundi alisema anasubiri ngazi. Yule binti akaivuta kreti ya soda, akapanda, akaibadilisha taa, akashuka, akauliza tena ofisi ya mikopo. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikaenda kumwita Kocha Ngosha.

Kocha Ngosha ni Msukuma aliyekuja Morogoro kwa mafunzo ya wiki mbili, akaoa, akabaki. Alimsimamisha Mwanaidi kwenye fremu ya mlango wa stoo, pale tunapowapima wachezaji kwa kalamu. Mstari wake ulipita mstari wa Kocha mwenyewe.

"Umewahi kucheza kikapu?"

"Netiboli, sekondari. Kinole hakuna kikapu. Kuna mteremko. Mpira ukikuponyoka unakwenda kuufuata mtoni."

"Basi wewe mikono yako ni mizuri," akasema Kocha. "Umejifunza kutoutoa."

Na kweli, hakuutoa. Mwaka wa pili alikuwa nguzo ya timu ya wasichana. Chuo kina utaratibu wa kuwalipia ada wachezaji wake wa kutegemewa, nanyi mnaujua. Mwanaidi alikuwa ndani ya utaratibu huo. Mama yake Kinole anauza mdalasini na ndizi, na kuna wadogo zake wanne wanaokula kabla mdalasini haujauzika. Bila ule utaratibu, mwaka wa tatu usingekuwepo. Hilo alilijua yeye, alilijua Kocha, na nililijua mimi niliyekuwa naiandika barua yake kila muhula.

Likizo ya kuingia mwaka wa tatu kulikuwa na bonanza Kihonda, la mtaani, lenye spika kubwa kuliko uwanja. Zawadi ya timu za wasichana ilikuwa mbuzi. Timu moja ya mtaa ilipungukiwa na mchezaji, Mwanaidi alikuwa amekuja kutazama na viatu vya kanisani vya mwenzake wa bwenini, wakamwomba, akacheza pekupeku. Wakashinda. Mbuzi akachinjwa palepale pembeni ya uwanja, kama ilivyo kawaida ya mbuzi wa bonanza, ambaye hajawahi katika historia kuiona kesho yake. Wakala wachezaji wa timu iliyoshinda, wakala wa timu iliyoshindwa, akala mwamuzi, akala mwenye spika. Kocha Ngosha alikula mara mbili. Mimi sikuwepo, nilikuwa nyumbani, lakini Kocha alinitumia maini kwenye karatasi ya foili kwa bodaboda, yakafika bado yanatoa mvuke. Yalikuwa maini mazuri. Hilo nitaulizwa siku ya kiyama na nitalijibu hivyohivyo.

Mwezi uliofuata ukaja msimu wa usajili. Mwanaidi akakaa mbele ya meza yangu, nami nikawa namsomea maswali na kuandika. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kozi. Tukafika kisanduku cha Kanuni ya Tisa.

"Umewahi kupokea malipo, zawadi au kitu chochote chenye thamani kwa sababu ya kucheza?"

Akafikiri. "Mzee, mbuzi ni kitu chenye thamani?"

"Kwenu Kinole mbuzi hana thamani?"

"Anayo. Ndiyo maana nauliza."

Hapo, wadogo zangu, mtu mwenye akili anasema hapana, anapiga mhuri, anaita mwingine. Makarani wa vyuo vyote walikuwa wanaandika hapana kwa wino uleule, fomu thelathini kwa mpigo, na wanakwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa na mwandiko. Nilikuwa nimesifiwa mwandiko tangu darasa la tano na sikuwahi kupata mahali pa kuutumia. Nikaandika hivi, na nakumbuka kila herufi: *Ndiyo. Mbuzi mmoja (dume), bonanza la Kihonda, aliliwa na wote.*

Nikamsomea. Akasema, "Sawa, Mzee. Ndivyo ilivyokuwa." Akasaini.

Nilidhani anayesoma atacheka. Nilidhani ataona kwamba chuo chetu hakifichi kitu. Nilikwenda nyumbani siku ile nikamwambia mke wangu, Mama Tatu, kwamba fomu zetu mwaka huu ni safi. Akaniuliza kama zile za mwaka jana zilikuwa na matope.

Aliyesoma hakucheka. Kulikuwa na chuo kimoja cha mkoa mwingine, sitakitaja, tulichokuwa tumepangwa nacho. Wao nguzo yao ilikuwa dada mmoja aliyeitwa Dada Mkubwa, na aliyemwita hivyo alikuwa kocha wake mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mara ya tatu. Alikuwa na watoto wawili shuleni, na mkubwa wao alikuwa anakaribia kuwa mwanafunzi wa chuo yeye mwenyewe. Kucheza kwa klabu alikuwa anacheza, na klabu haikuwa inampa mbuzi. Fomu yake ilisema hapana kila mahali palipoulizwa. Vyuo vilivyopangwa pamoja hukaguliana fomu, kwa hiyo karani wao aliifungua bahasha yetu, akaikuta ndiyo yangu, akakata rufaa siku hiyohiyo. Mwanaidi akasimamishwa kucheza, na utaratibu wa ada ukasimama pamoja naye, kwa kuwa barua yake inasema mchezaji anayeruhusiwa kucheza.

Kikao cha rufaa kikaitishwa Dodoma. Kocha Ngosha alikuja ofisini akakaa juu ya meza, kitu asichokifanya.

"Wewe ndiye uliyeandika. Wewe ndiye utakwenda."

"Nitaandika barua."

"Umeshaandika vya kutosha, Baba Fomu."

Nikaenda. Mama Tatu alinifungashia maandazi kama ninakwenda Hija. Niliketi na Mwanaidi kwenye basi kutoka Msamvu. Alikuwa ameshika daftari la somo la takwimu, anasoma. Nikamuuliza kwa nini anasoma wakati amesimamishwa.

"Nimesimamishwa kucheza, Mzee. Mtihani hawajanisimamisha bado. Hiyo inakuja mwezi ujao, ada isipoingia."

Akamega andazi akanipa nusu. Lilikuwa andazi langu.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Wajumbe saba walikaa nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na traksuti mpya yenye jina la mashindano, kofia ya mashindano, begi la mashindano, na mbele yake sahani ya sambusa. Sikuwahi kuona watu saba waliopewa vitu vingi hivyo na mpira wa kikapu kwa pamoja, na hakuna aliyeonekana amewahi kuruka. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mpole mwenye miwani. Nataka kumtendea haki: alinipa kiti, na aliisoma fomu yangu yote.

"Hapa mmeandika dume," akasema. "Kwa nini?"

"Alikuwa dume, mheshimiwa."

"Ilihusu nini?"

"Niliulizwa zawadi. Nikaeleza zawadi."

Mjumbe mmoja akaandika. Nikahisi Bi Sikudhani, huko aliko Matombo, ameketi ghafla.

Mwenyekiti akamgeukia Mwanaidi. "Binti, uliijua kanuni?"

"Shikamoo, mheshimiwa. Niliisoma siku ya kujaza. Mbuzi nilikuwa nimeshamla."

"Kwa hiyo unakiri ulinufaika."

"Nilipata paja na supu. Mwamuzi naye alipata paja. Kocha alipata mara mbili. Mzee huyu alipelekewa maini nyumbani."

Wakanitazama wote saba. Nikasema ndiyo, na mimi nilikula, na yalikuwa mazuri. Nilidhani nikijitwika kosa litapungua kwake.

"Wewe si mchezaji," akasema Mwenyekiti. "Wewe unaruhusiwa kula."

Mwanaidi akaomba kuuliza swali. Hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa amesimama, na akisimama watu huinua shingo, na nadhani hiyo haikumsaidia.

"Mheshimiwa, chuo kinanilipia ada kwa sababu nacheza. Ada ni kubwa kuliko mbuzi. Hiyo hamjaniuliza."

"Hayo ni maendeleo ya elimu. Si malipo."

"Na viatu tulivyopewa na mashindano mwaka jana?"

"Hivyo ni vifaa."

"Na mbuzi?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Mbuzi ni mbuzi," akasema, na naapa aliona mwenyewe ilivyosikika.

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nikasema kwamba chuo kilichokata rufaa kina mchezaji ambaye klabu yake inamlipa, kila mtu anajua, hata pale ukumbini wapo wanaojua. Karani wa chuo kile, kijana nadhifu, hakukasirika. Akasukuma fomu mbele ya Mwenyekiti. Hapana, hapana, hapana, mhuri nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Ilikuwa fomu nzuri. Bi Sikudhani angeisifu.

"Mzee wangu," akasema Mwenyekiti, na alisema kwa upole kweli, "sisi tunafanya kazi na nyaraka. Nyaraka zao zinasema hapana. Zenu zinasema ndiyo. Tufanyeje?"

Jibu la swali hilo nalitafuta mpaka leo, na nimestaafu nina muda. Kanuni iliyotungwa kumkamata mwongo ilikuwa imemkamata mtu mmoja tu katika mashindano yale yote, na ilimkamata kwa sababu alisema kweli, na aliyeandika ile kweli kwa mwandiko mzuri ni mimi.

Wakamfungia msimu mzima.

Nilipokuwa natoka, kijana wa kamati akanifuata na daftari. "Mzee, saini hapa. Posho ya shahidi na nauli." Nikasaini. Nilishafika kwenye ngazi ndipo nilipoelewa. Mimi, ambaye sijawahi kufunga hata kikapu kimoja, ambaye mpira nilikuwa naujua kwa kulamba sindano tu, nilikuwa nimelipwa kwa sababu ya mpira wa kikapu. Ningetaka kusema nilirudisha. Nilinunua zabibu za kupeleka nyumbani. Mwanaidi alizibeba, mfuko ulikuwa mzito na mimi goti langu mnalijua.

Ada haikuingia. Mwanaidi akaahirisha masomo, akarudi Kinole, akawa anamenya mdalasini na mama yake mvua nzima. Watu walikuwa wanakuja ofisini kuniambia si kosa langu. Nilikuwa nawashukuru na kuendelea kujaza fomu. Kwenye kisanduku cha tisa nikawa naandika hapana kama wenzangu, fomu thelathini kwa mpigo. Kila moja ilinisumbua, lakini si sana, na hilo ndilo linalonisumbua.

Siku moja ikaletwa fomu ya mafunzo ya waamuzi wa kikapu. Nikaisoma kwa makini, sasa nilikuwa nasoma fomu kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyoangalia kamba. Ilikuwa na visanduku vitatu: jina, umri, na saizi ya fulana. Nikaigeuza nyuma. Hakuna kitu. Mwamuzi haulizwi amekula nini. Tena mwamuzi analipwa kwa kila mchezo, na hakuna anayesema roho yake imeharibika.

Nikamwambia Kocha Ngosha. Akaniambia niende Kinole nikamwambie mwenyewe, yeye hatanibebea tena bahasha. Kwa hiyo nikasafiri mara ya pili katika maisha yangu ya kazi, safari hii kwa bodaboda, nimefumba macho kwenye kila kona ya mlima, dereva ananiambia, "Fumbua, Mzee, mimi ndiye ninayetakiwa kufumba." Nilimkuta Mwanaidi ameketi juu ya mkeka na kisu, magome ya mdalasini yamemzunguka. Mama yake alinipa chai ya mdalasini isiyo na majani ya chai. Nikatoa fomu.

"Hii, mara hii, nijaze mwenyewe," akasema Mwanaidi.

Akajaza. Maneno manne tu, mawili yakiwa jina lake. Hakusimulia.

Alipata filimbi. Mechi za mtaani, mechi za shule, mwisho za vyuo vingine. Posho za filimbi na mdalasini wa mama yake vikakusanyika polepole, na baada ya mwaka alirudi darasani akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka huo mzima. Huo mwaka haukurudi, na naomba asiwepo wa kuniambia ulimkomaza. Alikuwa ameshakomaa. Na kucheza hakucheza tena. Mstari wake bado upo kwenye fremu ya mlango wa stoo; msipake rangi pale.

Mechi moja niliishuhudia kwa macho yangu, kwa kuwa mashindano yaliletwa hapahapa Morogoro na uwanja ulikuwa njia ya kwangu. Chuo kile cha mkoa mwingine kilikuwa kinacheza. Dada Mkubwa alikuwepo, mwaka wa kwanza tena, mwenye afya njema. Mwamuzi alikuwa Mwanaidi. Kipindi cha tatu Dada Mkubwa akaukamata mpira, akatembea nao kuelekea kikapuni kwa starehe, kama mtu anayevuka sebule yake kufuata rimoti. Filimbi ikalia.

Dada Mkubwa akamfuata, akiwa ametabasamu, mkono kifuani. "Mdogo wangu, hizo zilikuwa hatua mbili. Mbili zinaruhusiwa."

Mwanaidi akamwinamia kidogo, kwa adabu zote za Kinole.

"Shikamoo, dada. Zilikuwa nne."

Uwanja mzima ulicheka, na Dada Mkubwa, niseme haki, alicheka pia, akaitikia marahaba, kisha akagundua ameitikia. Walishinda hata hivyo. Yule dada mpira anaujua.

Sasa hizo fomu zimehamia kwenye kompyuta. Gundi na mhuri mtavikuta kwenye boksi, viachieni makumbusho. Kisanduku cha tisa kipo vilevile, ila siku hizi kina alama ya kubonyeza, hapana imewekwa tayari, na anayetaka ndiyo inabidi aitafute. Wataalamu waliona hiyo ni rahisi zaidi kwa mtumiaji. Kijana wa ofisi aliniuliza afanye nini akija mtu kama Mwanaidi. Nilimwambia kwanza amuulize yule mtu ada yake inalipwa na nani. Si jibu zuri. Ndilo nililonalo, na limenigharimu mwaka wa mtu mwingine.

Siku ya kuniaga mlinipa mbuzi. Najua lilikuwa wazo la Kocha Ngosha, na najua kwa nini mlichagua dume. Hakuiona kesho yake. Mwanaidi alikuja kutoka kazini, siku hizi anafanya takwimu kwenye ofisi moja mjini na Jumamosi anapiga filimbi, akasalimia wazee wote, akakaa kwenye kreti ya soda. Mama Tatu akampelekea sahani yenye paja. Akaliangalia, akaniangalia mimi niliyekuwa na maini yangu upande wa pili wa ua, akaniita mbele ya watu wote.

"Mzee, hili nikilila, utaliandika wapi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema sina tena kalamu, nimeshaikabidhi. Akaikagua mikono yangu, kama mwamuzi anayehakikisha hatua, kisha akala. Alikula paja lote, na akaomba la pili.